Nguzo ya Mlangoni kwa Mama Nyangeta

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na minane, na ndio mwaka nyavu za baba zilipokwisha. Nyavu kuisha siyo ajabu, nyavu zinaishaga. Ajabu ni kwamba uzi wa kuzishona haukuwepo mji mzima. Malori yalikuwa yamekwenda vitani Uganda, dukani kulibaki rafu na muuzaji, na baba yangu, mtu wa Majita aliyekuwa na mtumbwi wake, akaenda kuvuta nyavu za mtu mwingine. Tulifulia majani ya mpapai badala ya sabuni. Nilikuwa na suruali moja, na siku ya kuifua sikutoka ndani. Nikaona nikikaa pale nitaoza. Nikadandia lori la mihogo mpaka Musoma.

Nayaandika haya kwa sababu vijana wa umoja wetu wa mafundi hapa Bunda wamenitaka niwaandikie maadili ya kazi, wayabandike ukutani. Mimi nimeishia darasa la nne. Maadili ya kupanga kwa namba siyajui, waandike waliosoma. Nimejenga miaka zaidi ya arobaini, nimeacha juzijuzi kwa sababu ya magoti, na hakuna nyumba yangu iliyoua mtu. Moja ingeweza. Hiyo ndiyo nitawaambia. Mambo ya malipo na vyeo nayaruka. Nilipata, nikala, yakaisha.

Musoma nilimkuta Mzee Athumani mtaa wa Mukendo, anapiga plasta ukuta wa duka. Alikuwa Mmanyema, baba yake alitokea upande wa Kigoma, mfupi, kanzu siku ya Ijumaa na kaptula siku nyingine zote. Nikamwomba kazi. Hakuniuliza jina. Akaniambia nionyeshe mikono.

"Hii mikono ya kasia," akasema. "Mjita, utaweza jiwe?"

"Nitaweza, Mzee."

"Kila mtu anasemaga hivyo kabla ya chai."

Na chai yenyewe haikuwepo, maana sukari haikuwepo. Wiki ya kwanza sikushika mwiko. Nilishika uzi. Yeye ameshika upande ule, mimi upande huu, tofali linapangwa katikati, na nikitikisika alikuwa anaacha kazi, ananitazama tu mpaka nitulie. Wiki ya pili nikaosha vyombo. Mwiko wake ukibaki na saruji kavu hata kidogo nyuma ya mpini alikuwa anaurudisha kwangu kama mtu anayerudisha sahani chafu hotelini. Mwiko nilishika mwezi wa nne.

Alikuwa na timazi ya shaba, nene juu, imechongoka chini kama karoti, aliyoachiwa na baba yake. Aliiweka kwenye soksi. Miaka ile ungeweza kukosa msumari Musoma nzima, sembuse timazi, kwa hiyo ile soksi aliilinda kuliko viatu. Kila ukuta tuliopandisha, mwisho wa siku aliiangusha mwenyewe kwa uzi pembeni, akafumba jicho moja, akasubiri itulie. Ukuta ukiwa umekataa, umeinama hata unene wa ukucha, kesho tulianza kwa kubomoa. Sikumbuki alinipigia kelele hata siku moja. Alikuwa ananipa nyundo tu.

Kuna kitu alinikataza ambacho ninyi vijana mnakifanya kila siku. Fundi akifika kwenye nyumba ya mtu, jambo la kwanza anatikisa kichwa na kuuliza, nani alikufanyia kazi hii? Mzee Athumani alinifinya mkono hapohapo nilipojaribu. Alisema ukuta utasema wenyewe, mimi ninyamaze, maana na mimi kuna nyumba yangu siku moja fundi mwenzangu atasimama mbele yake hivyohivyo. Kingine alisema tukiwa tunakula, hata hakuinua macho. "Jambo baya mwambie mwenye nyumba kabla. Ukimwambia baada, hujamwambia. Umejitetea."

Sasa niwaeleze saruji ya wakati ule, maana ninyi mnaikuta dukani imepangwa mpaka darini. Sisi ilikuwa ya kibali. Mtu anaandika barua, barua inazunguka, anasubiri mwaka au zaidi, halafu anaambiwa njoo uchukue mifuko yako minne. Wakati huo mifuko imelala ghalani masika mbili, bati linavuja. Unaifungua unakuta pembe zimekuwa jiwe. Mara nyingine ndani pia ni jiwe.

Mzee alinifundisha njia yake. Donge ukilibana kwa vidole likavunjika, chekecha, tumia. Likitaka nyundo, hiyo imekufa, jazia shimo. Na zege likishamwagwa, siku ya saba kwangua kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiteleza, zege zima. Ukucha ukitoka na unga, usimdanganye mtu.

Mafundi wengi hawakufuata. Walikuwa wanatwanga. Wanachukua lile jiwe la saruji, wanalitwanga kwenye kinu cha mihogo, wanalichekecha, linatoka unga mzuri wa kijivu, ukiuangalia huwezi kutofautisha na mpya. Siwalaumu sana. Siyo wote walikuwa wezi. Wewe umwambie mtu aliyesubiri mwaka mzima kwamba alichopata ni mawe? Ilitaka moyo mgumu, na mimi nilidhani ninao.

Mwaka 1984 macho ya Mzee yalianza kufunga ukungu. Ikaja kazi Butiama, akanituma peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na barabara nzima nilikuwa naona kila mtu kwenye lori anajua kwamba mimi ni fundi kamili.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Nyangeta, Mzanaki, muuguzi wa zahanati, mjane, anakaa na watoto watatu na mama mkwe wake mzee sana. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo. Juu ya madirisha niliweka miti, kama watu wote wa wakati ule. Lakini juu ya mlango wa mbele alitaka linta ya zege, na sebule alitaka sakafu ya saruji. Alisema amezalisha wanawake wa vijiji vitatu kwenye sakafu za vumbi, na yeye apate basi sakafu moja ya kupiga deki. Barua yake ya kibali ilizunguka mwaka na miezi. Nondo mbili alipewa na kaka yake, sikuuliza zilitoka wapi.

Siku mifuko minne ilipofika ilikuwa kama amekuja mgeni. Majirani walikuja kuiangalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Nyangeta akavua khanga ya begani akaifunika ile mifuko isipate umande, na ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali.

Nikafungua wa kwanza. Jiwe. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko, jiwe. Wa pili hivyohivyo. Watu wote wananiangalia.

"Imefika salama, Fundi?" akaniuliza.

Nikatazama ile khanga. Nikasema, "Imefika, Mama."

Hapo ndipo nilipokosea, wala siyo kwenye zege. Yaliyofuata yalijifuata yenyewe. Nikamwambia imeshikana kidogo kwa safari, tutaitwanga. Akaazima vinu viwili. Akatwanga mwenyewe, siku mbili, akitoka zahanati, na shemeji zake, wakiimba kama wanatwanga mtama wa harusi. Mimi nachekecha. Vumbi la saruji liliwakaa kwenye nyusi mpaka wakachekana kwamba wamezeeka. Nilicheka nao.

Nikamwaga linta, nikamwaga sakafu. Siku ya saba nikaenda mlangoni wakati hakuna mtu, nikakwangua kwa kidole gumba. Ukucha ulitoka na unga. Nikarudia upande wa pili, nikidhani labda nimekosea mahali. Unga.

Nikachanganya kiganja cha saruji laini iliyobaki katikati ya mfuko mmoja, ile kidogo iliyokuwa hai, nikaipaka juu ya linta. Ikapendeza. Ingekuwa mashindano ningeshinda.

Lakini kuondoa nguzo niliogopa. Chini ya linta tulikuwa tumesimamisha mti wa mkaratusi kushikilia mbao, katikati ya mlango, upande wa nje wa fremu, mlango wenyewe unafunga nyuma yake. Mbao nikatoa, mti nikauacha. Nikaukaza kwa kabari.

"Huu usitolewe, Mama," nikamwambia. "Zege la siku hizi linataka muda. Nitarudi kuutoa mwenyewe."

"Lini, mwanangu?"

"Mvua zikiisha."

Akanipa jogoo. Nikamchukua.

Musoma Mzee Athumani alikuwa amekaa barazani, ananisikiliza hatua maana kuniona hanioni vizuri. Swali lake lilikuwa moja, ukucha ulisemaje? Nikamwambia uliteleza. Akatabasamu, akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akanipa ile soksi. Timazi ndani. Alisema sasa yeye ataitumia kwa nani. Mzee huyo alifariki baada ya miaka miwili, na sikumwambia.

Mvua ziliisha, sikwenda. Zikaja nyingine. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa nzuri. Nchi nayo ikabadilika, tukaingia enzi za ruksa, kila mtu ruksa kuleta bidhaa. Saruji ikaanza kuonekana dukani, halafu ikajaa, mwenye nacho ananunua mfuko kama anavyonunua chumvi, kibali kikasahaulika. Wafanyabiashara wakataka vyumba vya maduka barabarani. Nikahamia Bunda, nikapata kazi mfululizo, nikaitwa mkandarasi. Msidhani wingi wa saruji uliwafanya mafundi kuwa wakweli. Zamani tulidanganya kwa sababu haipo. Sasa wengine wakaanza kudanganya kwa sababu ipo, wanaipunjapunja, karai la mchanga linazidi, nondo zinakuwa nyembamba. Mimi nilikuwa mkali kwenye mambo hayo. Nilifukuza mtu Manyamanyama, hapahapa Bunda, kwa kutwanga donge moja la saruji, na nilipomfukuza nilipaza sauti kuliko ilivyohitajika.

Mwaka 1993, hapohapo Manyamanyama, tulikuwa tunakula mchana kwa mama muuza chakula, mafundi wangu na dereva wa lori la mchanga, kijana Mzanaki, mtu wa maneno mengi.

"Kwetu kule," akasema, "kuna nyumba ina nguzo katikati ya mlango. Unaingia kwa ubavu kama mwizi wa kuku. Mchungaji wao mnene, yeye anaombeaga nje."

Mmoja akauliza kwa nini hawaitoi.

"Fundi alisema asiitoe mtu mpaka arudi. Fundi mwenyewe alikuwa Mjita. Labda alipita ziwani kwanza."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Mimi nilicheka kuliko wote. Halafu nikaisukuma sahani yangu kando. Nilikuwa nadhani miaka yote ile kwamba ule mti umeshatolewa zamani, na ama linta imeshika kwa bahati, ama imeanguka na sikusikia. Haikunijia hata mara moja kwamba mtu anaweza kuniamini miaka tisa.

Asubuhi kazi nikamwachia msaidizi wangu. Nikaenda dukani nikachagua mifuko minne mwenyewe, nikiibonyeza pembe kama mtu anayenunua parachichi. Nikachukua nondo, mbao, vyombo vyangu. Dereva yuleyule akanipeleka, akiniuliza njia nzima tunaenda kujenga kwa nani. Tulipofika akaona nyumba. Hakuniuliza tena, na mchanga alinishushia bure.

Nguzo ilikuwepo. Ilikuwa nyeusi kwa oili chafu, na usawa wa bega ilikuwa imelainika inang'aa kama mpini wa jembe, kwa watu kupita wakiisugua. Mama Nyangeta akatoka. Alitoka ubavu, bila hata kuangalia, kama mimi na wewe tunavyoinua mguu penye kizingiti. Kichwa kimeingia mvi.

"Fundi," akasema. "Umekuja kutoa mti?"

Kama niliondoka juzi Jumanne.

"Nimekuja, Mama." Alitaka kunitolea kiti, nikamwomba nisikae kwanza. "Saruji yako ilikuwa imekufa. Nilijua siku ileile nafungua mfuko. Nikakudanganya."

Akaushika ule mti.

"Tulitwanga siku mbili," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi natwanga, wewe unachekecha. Na unajua."

"Najua."

"Mama mkwe wangu alifariki mwaka wa tatu. Jeneza halikupita hapa. Tuling'oa fremu ya dirisha, tukamtolea kule. Wakwe zangu walitaka kuukata huu mti kwa shoka. Nikawakatalia. Nikasema yule fundi hawezi kuwa alisema bure." Akapangusa kiganja kwenye khanga. "Kila mwaka nimeupaka oili, mchwa wasiule."

Nikasema nilimwonea huruma, na hapohapo nikasikia neno hilo linavyosikika.

"Huruma," akasema. "Ungeniambia, ningelia. Nimeliaga mengi, ningelia na hilo. Halafu ungeniwekea mti juu, kama dirishani. Dirishani pamepata nini? Na mti ulikuwepo, Fundi. Gogo lilikuwa nyuma ya jiko. Ndilo ulilokuwa unalikalia ukila."

Nalikumbuka hilo gogo. Mninga, limenyooka, urefu wa kutosha na kubaki. Nililikalia wiki tatu nikila chakula cha mwanamke yule.

Akanitazama pale niliposimama. "Sasa unasubiri nini? Vaa nguo za kazi."

Nikasimamisha nguzo mbili pembeni kubeba tofali za juu, nikaanza kubomoa. Nilipiga nyundo mara moja tu. Zege lililobaki nilitoa kwa mikono, linameguka kama kiporo cha ugali. Dereva alikuwa bado amesimama anaangalia. Kilichoishikilia ile linta miaka tisa ni ule mkaratusi na kabari yangu, basi. Na sakafu ya sebule ilikuwa imetoboka mashimo. Binti yake mkubwa, Nyangeta mwenyewe, akaniambia kila wakifagia asubuhi wanapata vumbi la kijivu, wakadhani sakafu za saruji ndivyo zilivyo.

Kila mfuko niliufungua mbele ya Mama, nikamwambia aingize mkono. Mara ya kwanza alikataa, akasema yeye anajua nini. Nikamwambia anajua unga na jiwe. Akaingiza. Toka siku ile sikufungua mfuko wa mtu bila mkono wa mwenye nyumba kuingia kwanza, awe bibi, awe mkurugenzi mwenye tai. Wengine walinicheka. Ninyi mliofanya kazi kwangu mnajua.

Nilikaa Butiama mpaka siku ya saba, namwagilia zege na kufunika magunia. Siku ya saba nikamwita mlangoni, nikampandisha kwenye kigoda, nikamwambia akwangue mwenyewe. Sikutaka kutumia ukucha wangu. Ulishadanganya.

Akakwangua kidogo. Halafu akakwangua kwa nguvu zote, kama ana kisa nalo. Ukucha ukavunjika. Akashuka, anaangalia kidole.

"Hii sasa ndiyo kazi," akasema. "Umeniumiza."

Nilikaa wiki mbili nyingine kwa sakafu na nguzo za pembeni, halafu nikatoa nguzo zote, na ule mti wa zamani, niliokuwa nimeurudisha kushikilia mbao za linta mpya, nikaulaza chini. Mlango ukabaki wazi, mpana, hata mimi ukanishangaza. Mama Nyangeta akaja kutoka jikoni na sufuria. Akafika mlangoni, akageuka ubavu, akaingia hivyohivyo. Watoto wakacheka. Mimi nilijifanya nakusanya vyombo.

Wakati naondoka sikupewa jogoo. Aliniambia, "Chukua mti wako." Nikauweka juu ya lori.

Nilipofika Bunda nikamtafuta yule fundi niliyemfukuza kwa donge moja. Nikamweleza yote, tumesimama barabarani. Akarudi kazini, na ndiye anayewaongoza ninyi leo, ingawa yeye hapendi niseme. Kwa Mzee Athumani nilikwenda makaburini Musoma, nikasimama tu. Nilichelewa. Alishaniambia kuhusu kusema baada.

Basi haya ndiyo maadili ninayoyajua, yanaingia kwenye mfuko mmoja wa saruji. Mkiona hayatoshi kubandika ukutani, bandikeni mengine.

Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba moja hapa Bunda, vyumba vinne, nimejenga mwenyewe. Vyumba viwili vya duka Manyamanyama. Ng'ombe watatu. Baiskeli moja. Miko mitano, mmoja umelika mpaka umekuwa kama kijiko. Pimamaji moja. Timazi ya shaba, kwenye soksi. Na mti mmoja wa mkaratusi, mweusi kwa oili, umeegemea ukuta barazani kwangu. Haushikilii kitu.